Mlango wa Mgeni

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilimwogopa kupita kiasi nyoka ambaye hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kumwona. Simba tuliwasikia wakitajwa na wanaume waliowahi kufanya kazi upande wa Mikumi, na chui aliwahi kubeba mbwa wa jirani tukiwa tunakula, lakini hao walikuwa wanyama tu. Huyu wangu alikaa ndani ya mto Mkondoa, na jina la nyoka halikuruhusiwa kutumika juu yake. Bibi yangu, mama yake baba, alimwita Mgeni. Nasi tukamwita hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, kama mnavyomtaja mtu aliyelala chumba cha pili.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, kwenye tambarare ya upande wa Kimamba, baada ya kuacha mashamba yetu ya zamani. Kijiji kilipimwa kwa kamba. Nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi asubuhi, zote zikitazama barabara, na ng'ambo ya barabara ulikuwa mto. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, kazi aliyoipenda kuliko hata kulima, na alitembea na daftari kwapani hata akienda kuoga. Hapo natia chumvi, lakini kidogo tu.

Bibi alikubali kuhama kwa sharti moja.

"Nyumba isiyo na mlango wa nyuma mimi siingii," alisema. "Mgeni akiingia mbele, atatokea wapi?"

"Mama, mambo hayo tumeyaacha kule kule."

"Sawa, mmeyaacha. Na mto nao mmeuhamisha?"

Baba akaweka mlango wa nyuma, ukaelekeana sawasawa na ule wa mbele. Ukisimama barabarani uliwaona kuku wetu wakiparura uani. Nyumba nyingine zote mlango ulikuwa mmoja, kama ramani ilivyosema.

Habari za Mgeni nilizipata zote kwa Bibi. Mgeni ndiye mwenye mto. Miaka mingi hulala, lakini masika mengine huamka akatamani kuwatembelea watu. Hana ubaya wowote. Anataka kuingia mlango wa mbele, atoke wa nyuma, aende zake, na unga kidogo ukimwagwa kizingitini anafurahi. Ukimfungia njia huona umemtukana, na hapo huangusha ukuta.

Kama wageni wote, huyu naye alikuwa na tabia zake. Chakula chochote anachokikuta sakafuni ni chake, kwa hiyo kabla ya masika Bibi alipandisha mahindi na mbegu za maharage darini. Dari letu lilikuwa la milingoti ya mkonge, imara, limeegemea kuta za mbele na nyuma. Mgeni ana kinyaa, kwa hiyo shimo la choo lilifunikwa kwa ubao na jiwe juu yake. Hunywa kwenye kila chombo kilicho wazi na kuyaacha maji machungu, kwa hiyo mtungi wa maji ya kunywa ulifungwa kitambaa mdomoni ukapandishwa nao. Anapenda kubeba moto, ndiyo maana kiberiti kilikaa ndani ya kopo la majani ya chai, huko huko juu, pamoja na kuni kavu. Hapendi kumwona mnyama kwenye kamba, basi mbuzi waliachiwa. Bibi alizikandika kuta kwa udongo wa kichuguu kuanzia chini mpaka kimo cha goti langu, akaulainisha kwa kiganja. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo.

"Asijichubue," alisema.

Na juu ya yote, mtoto asikutwe chini. Mtoto hupandishwa darini kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa Mgeni haoni vizuri, hajui kutofautisha mtoto na mzigo.

Baba alisikiliza haya yote huku akitazama paa. Alikuwa mtu wa msikitini siku ya Ijumaa na wa mikutano siku nyingine zote. Lakini Bibi naye aliswali sala tano, wala hakuona ugomvi wowote. Mungu ndiye aliyeumba mto, alisema, na mwenye mto kamuumba yeye pia. Nilimpenda mno Bibi kwa vile alivyoweza kuwa na hakika.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Shuleni nilikaa dawati moja na Zaina, mtoto wa jirani yetu. Baba yake Zaina alinunua redio, na kwa wiki nzima hatukusikia kitu kingine kutoka kwake ila redio. Sisi hatukuwa na redio, wala baiskeli. Siku moja wakati wa mapumziko uvumilivu ukaniishia, nikasema kwamba sisi kwetu anakuja nyoka mrefu kama treni, anaingia mlango wa mbele, Bibi anampa unga, anatoka mlango wa nyuma. Wenzangu walitoa macho. Redio ikasahauliwa pale pale. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiruka ruka.

Maneno yale yalizunguka kijijini, na yaliporudi yalikuwa yamekwisha geuka. Bibi yake balozi, au tuseme mama yake balozi, anafuga nyoka. Nyoka ana mlango wake. Anakula unga, tena si unga tu. Wakati ule kijiji kilikuwa kimekusanya watu kutoka huku na huko, hatujafahamiana hata makaburi yetu, na neno kama hilo halikuwa mchezo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu mtoto alishikwa na homa, na wanawake wakaacha kuja kuomba moto jikoni kwetu. Bibi alipokwenda kisimani walimwamkia, kwa kuwa shikamoo haiepukiki, kisha wakajitwisha ndoo na kuondoka kabla hazijajaa.

Mwishowe Mama Zaina alikuja kumwona baba. Alikuja kwa adabu, akasimama nje.

"Balozi, mimi sisemi kitu. Watu ndio wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba mlango ule si wa watu."

Jumapili iliyofuata baba aling'oa ubao wa mlango wa nyuma, akasuka fito mahali pake, akaanza kukandika. Nilipokuwa mtoto niliona kwamba amemtii jirani. Leo najua alikuwa akimlinda mama yake, na kwamba mikono yake ilifanya kazi ile kwa haraka ya mtu mwenye hofu.

"Mama, nataka ukae kwa amani na watu," alimwambia.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua matembele. "Haya," alisema, na hakuinua uso.

Kuanzia hapo akawa anasema naye kupitia kwangu. "Mwambie baba yako chakula kimeiva," na baba yupo pale, angeweza kumgusa bega. Iliendelea hivyo wiki mbili, na mimi nikawa mkalimani wa watu wawili wanaojua lugha moja.

Ukweli ni kwamba nilifurahi mlango ulipozibwa. Mgeni hakuwa tena na njia ya kupita karibu na mkeka wangu. Lakini kila nilipomwona Bibi akiwapungia mkono wanawake wasiosimama, nilijisikia vibaya, na sikumwambia mtu yeyote kwamba maneno yale yalitoka kinywani mwangu.

Masika ya mwaka ule yaliingia. Siku yenyewe jua liliwaka kwetu tangu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo kwenye milima ya Ukaguru na kule Mpwapwa, mbali, sisi tukaona mawingu tu. Baba na mama walikwenda shamba la kijiji, ng'ambo ya reli, pamoja na watu wazima wote na watoto wa shule waliopelekwa kupalilia. Mimi nilibakizwa kumwangalia mdogo wangu Ali, aliyekuwa na miaka miwili, na kumsaidia Bibi ambaye goti lilimsumbua.

Bibi alikuwa akipepeta mahindi kibarazani. Ghafla akasimamisha ungo na kutazama mbuzi. Wote walikuwa wamepanda juu ya kichuguu, wamebanana. Halafu tukasikia mngurumo.

"Treni imewahi leo," nilisema.

"Si treni. Mpandishe mtoto."

Nilimpandisha Ali darini kwa ngazi. Tuta la reli lilikuwa nyuma yetu, na pale ndipo mahali pa kukimbilia, lakini tulipochungulia kando ya nyumba bonde dogo lililotutenga nalo lilikuwa limeshajaa maji. Kwa goti lile Bibi asingevuka, na mimi nisingeweza kumvusha mtoto peke yangu. Tukarudi ndani. Bibi alinisukuma nipande ngazi na mimi, kisha akabadili mawazo, akanishika mkono, maana kwa goti lile peke yake asingesimama ndani ya maji.

Maji yaliingia mlango wa mbele taratibu kwanza, yakatulowesha nyayo. Kisha yakaongezeka kwa kasi, yakanifika magotini, yakapanda. Yalikuwa yakiingia na hayana pa kwenda. Ukuta wa nyuma ukaanza kulia. Sijui neno jingine. Fito zilikuwa zikilia ndani ya udongo, na ufa ukapanda kutoka chini hadi kwenye dari. Milingoti ilitikisika, na Ali kule juu akacheka akidhani anachezeshwa. Hapo nikaelewa, japo nilikuwa mdogo: ukuta ukienda, dari linakwenda, na Ali anakwenda nalo.

"Nipe mchi," alisema Bibi.

Mchi wa kutwangia ulikuwa ukielea karibu na mlango. Bibi alivua doti yake ya kanga, moja akatufunga viuno pamoja, ya pili akatufunga nayo kwenye nguzo ya katikati. Akaelekeza mchi pale mlango wa nyuma ulipokuwa.

Nililia kwa sauti. "Bibi, tukifungua ataingia!"

"Ameshaingia," alisema. "Anatafuta pa kutokea. Shika mchi."

Nikashika. Bibi na mimi tulikuwa tumetwanga pamoja asubuhi nyingi, kwa hiyo mikono ilijuana. Tuliulaza mchi, mimi mbele yeye nyuma, tukautwanga ukuta wa baba. Alihesabu kama tulivyohesabu kinuni. Mara ya nne udongo uliporomoka. Mara ya saba fito moja ikakatika, na tundu likatokea, dogo, la kupitisha kichwa cha mtoto. Kazi iliyobaki maji yaliifanya yenyewe. Mahali pale pote palifumuka, maji yakakimbilia nje kwa nguvu iliyonivuta miguu, na kanga ikanibana tumbo nikakosa pumzi. Nilipopata kusimama tena yalikuwa yamerudi magotini. Yaliendelea kuja, lakini sasa yalikuwa yakipita. Ukuta uliacha kulia.

Ndipo akapita. Aliingia mlango wa mbele bila haraka, mrefu, mweusi, mnene kama paja la mtu. Alimgusa Bibi mguuni, akageuka kidogo kama anayefikiri, akatokea mlango wa nyuma. Nilifumba macho nikiwa nimechelewa.

"Pita, baba," alisema Bibi. "Pita salama. Hatuna ubaya." Unga ulikuwa darini, hakuwa na cha kumpa, lakini aliukunjua mkono wake wa kulia juu ya maji kama aliyekuwa nao.

Baba alikuja kusema kwamba ule ulikuwa mgomba. Kesho yake aliukuta umenasa kwenye mpapai nyuma ya nyumba, akaniita nikautazame. Mimi nimekuwa mwalimu, nimefundisha sayansi darasa la tano kwa miaka mingi, na nakubali kwamba ulikuwa mgomba. Nakubali hasa wakati wa mchana.

Alasiri maji yalipopungua wazazi wangu walifika, wakitembea ndani ya tope hadi kiunoni. Hakuna aliyekufa kijijini kwetu siku ile, na kila nikikumbuka namshukuru Mungu. Lakini nyumba kadhaa kwenye mstari wetu zilikuwa zimelala chini. Ya Mama Zaina iliangukia nyuma yote, na redio ndani yake. Baba alisimama kizingitini akaona moja kwa moja hadi uani. Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi, mchi mapajani, na Ali akipiga kelele za njaa kutoka juu.

"Nani kabomoa ukuta wangu?" aliuliza baba.

"Sisi," alisema Bibi. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake baada ya wiki mbili. "Utatuandika kwenye daftari?"

Baba akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akajishikiza kwenye mwimo wa mlango. Sijawahi kumwona akilia tena. Mama hakuwa na muda wa hayo, akampita pale pale na kupanda kumchukua mtoto.

Jioni ile nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na mahindi makavu, kiberiti kinachowaka na maji matamu ya kunywa. Mama Zaina alikuja na wanawe. Bibi alimkorogea uji, na yule mama aliupokea kwa mikono miwili, akaushika hivyo mpaka ulipopoa.

"Bibi," alisema hatimaye, "huyo Mgeni wako, na kwetu hupita?"

"Hupita kwa kila mtu. Kwako alikosa pa kutokea tu."

Kijiji kilipojengwa upya, baba alisimama mkutanoni na daftari lake, lililokunjamana kwa maji. Alisema kila nyumba ya mstari wake itakuwa na milango miwili inayoelekeana, kwa ajili ya hewa safi. Vyoo vitafunikwa kwa ajili ya afya. Akiba ya chakula itawekwa darini kwa sababu ya panya. Bwana mmoja aliyetoka ofisini Kilosa alimsifu mbele ya wote kwa mawazo yake ya kisasa. Nilimtazama Bibi kule alikokaa na wanawake wenzake. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheza.

"Bibi, si amekuibia maneno yako?" nilimnong'oneza.

"Mwache. Mlango ni mlango."

Na wanawake walirudi jikoni kwetu. Sasa hawakuja kuomba moto tu. Walikuja kuuliza udongo wa kichuguu unachanganywaje, mtungi unafungwaje, mbuzi waachiwe lini. Bibi alijibu kila mmoja kwa raha isiyofichika, na kwa kila jambo alieleza Mgeni anapenda nini na anachukia nini, bila kujali nani anaamini.

Siri yangu niliibeba mpaka mwaka niliokuwa naondoka kwenda chuo cha ualimu. Tulikuwa tukipukuchua mahindi, yeye na mimi, nikaona nikiondoka nayo itanisumbua.

"Bibi, yale maneno ya nyoka, mimi ndiye niliyeyasema shuleni."

Aliendelea kupukuchua. "Najua. Wiki nzima ulikuwa hunitazami usoni."

"Mbona hukuniadhibu?"

"Ningekuadhibu, ungejifunza kunyamaza," alisema. "Na mimi sitaishi milele. Nani angewaambia wengine?"

Nililia pale pale, machozi yakadondokea mahindi, naye akanionya nisiiloweshe mbegu.

Sasa ninakaa Kilosa mjini, na masika yakikaribia huwapitia majirani zangu, hasa wapangaji vijana waliotoka mbali wasioujua mto huu. Nawaambia chakula na vyeti vikae juu, maji ya kunywa yafunikwe, mifereji isafishwe, choo kizibwe, mifugo isifungwe, njia ya kutokea isizibwe kwa makorokoro. Nawaambia wapajue mapema pa kukimbilia, na wakiambiwa waondoke waondoke, wasisubiri kusikia mngurumo kama sisi, maana sisi tuliponea chupuchupu. Husikiliza kwa heshima, kama watu wanaosubiri tangazo liishe.

Muda mrefu niliamini kwamba kosa langu la utotoni lilikuwa ni kusema. Nikimfikiria Bibi akipungia mkono watu wasiosimama, bado linaniuma. Lakini nimezeeka nikaliona vizuri zaidi. Nilisema nusu. Nilitaka kushinda redio, nikawaambia wenzangu habari za nyoka, nikaacha kuwaambia kwamba asipopewa njia huangusha nyumba, na Mama Zaina akabaki na mlango mmoja. Siku hizi nikimaliza habari za vyeti na mifereji, nakaa chini na watoto wao, nikawaeleza na yule aliyemgusa Bibi mguuni.